Faragha ya Wachangiaji wa Maarifa Huria katika Visiwa vya Bajuni na Pwani ya Kismayo

Miradi ya maarifa huria ni kazi za pamoja zinazoandikwa, kurekodiwa au kuchorwa na watu wengi wanaojitolea kupitia intaneti, na ambazo mtu yeyote huruhusiwa kuzisoma, kuzinakili na kuzirekebisha kwa masharti ya leseni iliyotangazwa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ndiyo maarufu zaidi miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, na mkusanyiko wa sauti wa Common Voice ulioasisiwa na shirika la Mozilla ni wa jamii hiyo hiyo. Kwa Wabajuni, yaani watu wa visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula katika pwani ya Somalia, na jamaa zao wa Kismayo, Burgabo na Ras Kamboni, miradi hii ina mvuto wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyochapishwa juu yao iliandikwa na wageni kwa lugha za kigeni: Vinigi Grottanelli alitoa kitabu chake cha Kiitaliano kuhusu wavuvi wa visiwa hivyo mwaka 1955, Neville Chittick alichapisha uchunguzi wake wa magofu ya pwani hiyo mwaka 1969, na Derek Nurse, mwanaisimu aliyeshughulikia lahaja za Kiswahili cha kaskazini kwa miongo kadhaa, aliweka sarufi, msamiati na maelezo ya Kibajuni kwenye intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Memorial nchini Kanada. Leo kijana mwenye simu mjini Kismayo, Mombasa au London anaweza kuyaongezea hayo, kuyasahihisha na kuyapinga kwa lugha yake mwenyewe.

Fursa hiyo huja na mzigo ambao viongozi wa miradi hawautaji sana wanapowaalika watu wapya. Faragha, katika makala haya, ni uwezo wa mtu kuamua ni taarifa zipi zinazomhusu zijulikane, na nani azijue, na kwa matumizi gani. Afya ya jumuiya ni ile hali ya wachangiaji kuweza kufanya kazi pamoja, kukosoana na kusuluhishana bila vitisho, kejeli za ukoo wala hofu ya kufuatwa nyumbani. Miongozo mingi huyatenganisha mambo haya mawili, la kwanza likakabidhiwa kwa mafundi wa kompyuta na la pili kwa wasuluhishi. Katika jamii ndogo utengano huo haufai, kwa sababu mchangiaji wa huko hutambulika kwa yale anayoyajua kabla hajatambulika kwa jina.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa kwa upana, maana ushauri uliozoeleka umetungwa kwa ajili ya lugha zenye mamilioni ya wasemaji. Mwandishi wa Nairobi anayejiita kwa jina la bandia na kuandika kuhusu barabara za jiji lake hupotea katika umati. Mwandishi anayejua jina la kila mwamba kati ya Chula na Chovai, anayejua kisima kipi kilichimbwa na ukoo upi, na anayesahihisha tahajia ya kijiji kilichohamwa, amekwisha kuwapunguza watu wanaoweza kuwa yeye hadi familia chache, na wenyeji watakaosoma ukurasa huo hawatahitaji fundi yeyote ili wamjue. Akiandika katika ukurasa wa majadiliano kwa lafudhi yake, ambayo katika maneno mengi huweka *ch* mahali ambapo Kiswahili sanifu kina *t*, duara huzidi kufinywa; na saa anazoandika, pamoja na siku anazonyamaza, husema kama yuko ughaibuni au yuko pwani ambako umeme na mtandao hukatika.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kwanza wa faragha hufanyika kabla ya kufungua akaunti, nao ni uamuzi juu ya kile kinachokusanywa. Yaliyokwisha kuchapishwa vitabuni yanaweza kuanza kuingizwa bila wasiwasi mkubwa, kwani chanzo chake ni kitabu na mchangiaji ni mnukuzi tu. Yanayojulikana na kila mtu lakini hayajaandikwa, kama vile majina ya samaki, sehemu za chombo, namna za kusuka mikeka au mapishi, nayo hayana hatari kubwa. Maarifa yenye wenyewe ndiyo yanayotaka kikao: maeneo hasa ya kuvulia kamba, fukwe ambako kasa hutaga, nasaba za koo, na zaidi ya yote habari za nani alimiliki nyumba ipi au shamba lipi kabla ya vita vya mwaka 1991. Habari za namna ya mwisho zina thamani kwa historia, lakini katika pwani ambayo watu wengi walikimbilia Kenya, wakakaa katika kambi kama ile ya Jomvu mjini Mombasa, na baadhi yao wakarejea na kukuta wengine wamekalia mali zao, sentensi moja ya kamusi elezo kuhusu umiliki husomwa kama dai, na aliyeiandika huonekana ni mdai. Ni busara sentensi kama hiyo isiandikwe na mtu mmoja kwa akaunti yake, hata kama ni kweli tupu, mpaka wazee wanaohusika wakubaliane iwekwe au iachwe.

Yakishaamuliwa hayo, matunzo ya akaunti yenyewe huwa rahisi kuelezeka. Jina la mtumiaji lisifanane na jina linalotumiwa Facebook au TikTok, kwa kuwa kufanana huko ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuunganisha maandishi na sura ya mtu. Ukurasa wa mtumiaji, ambao miradi mingi humhimiza mgeni aujaze kwa kujitambulisha, unaweza kubaki mtupu au kutaja lugha anazozijua tu. Barua pepe ya akaunti iwe ya kazi hiyo pekee. Historia ya marekebisho, yaani kumbukumbu inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, haifutiki kwa kubadilisha ukurasa upya. Kila kosa la kujitaja hubaki humo, na wanaotaka kulitafuta hujua pa kutafuta.

Wapo wanaodhani kwamba kuandika bila akaunti kabisa ni salama zaidi, na dhana hiyo imewadhuru wengi. Kwa zaidi ya miongo miwili Wikipedia ilionyesha hadharani anwani ya IP ya kila aliyeandika bila akaunti, yaani namba inayokitambulisha kifaa au mtandao wake kwenye intaneti, na ambayo mara nyingi hufichua nchi, mji na kampuni ya simu. Mwaka 2007 programu iliyoitwa WikiScanner ilidhihirisha jinsi namba hizo zilivyoweza kuunganishwa na ofisi na mashirika. Kuanzia mwaka 2024 Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, lilianza kuweka akaunti za muda badala ya anwani hizo, lakini yaliyoandikwa zamani yangali na namba zake, na wasimamizi wenye kibali bado wanaweza kuziona za sasa kwa muda. Mwenye akaunti hufichika kwa umma zaidi ya asiye nayo, ingawa kumbukumbu za kiufundi za mchango wake hukaa katika seva kwa takriban siku 90. Programu za kuficha anwani mara nyingi huzuiwa na Wikipedia kwa hofu ya waharibifu. Anayezihitaji kwa usalama wake anapaswa kuomba msamaha maalumu, na wakabidhi, kama wanavyoitwa wasimamizi wa Wikipedia ya Kiswahili, wanapaswa kulijua ombi hilo na kulielekeza panapohusika bila kumhoji mwombaji sababu zake mbele ya watu.

Hatari ya simu yenyewe inastahili neno la peke yake. Mwezi Januari mwaka 2014 kundi la wapiganaji la al-Shabaab liliyaamuru makampuni ya simu ya Somalia yasitishe huduma ya intaneti ya simu ndani ya siku 15, na katika sehemu za bara zilizobaki chini yake, simu ya kisasa inaweza kumletea mtu maswali hata isipokuwa na chochote cha kumtia hatiani. Anayesafiri kutoka Kismayo kwenda vijiji vya bara ajiondoe kwenye akaunti zake, afute programu za kurekodi na picha zilizokwisha kupakiwa, na asibebe rekodi za watu wengine. Picha huficha jambo lisiloonekana kwa macho: ndani ya faili mna tarehe, aina ya simu na mara nyingi mahali hasa ilipopigwa, na taarifa hizo hupakiwa pamoja nayo endapo hazikuondolewa. Picha ya msikiti wa kale haina shida kuwa na mahali pake. Picha ya mama anayesuka mkeka uani kwake inayo.

Mifano ya mbali inaonyesha kwamba tahadhari hizi hazikutokana na woga wa bure. Mwezi Machi mwaka 2022 mchangiaji mashuhuri wa Wikipedia ya Kirusi alikamatwa mjini Minsk baada ya taarifa zake kuanikwa katika chaneli ya Telegram kwa sababu ya maandishi yake kuhusu vita vya Ukraini. Mwezi Januari mwaka 2023 mashirika mawili ya haki za binadamu yalitangaza kwamba wachangiaji wawili wa Wikipedia ya Kiarabu walikuwa wamefungwa nchini Saudi Arabia tangu mwaka 2020, habari ambayo Waswahili wanaoishi Ghuba wana kila sababu ya kuisoma kwa makini. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Delhi, katika shauri lililofunguliwa na shirika moja la habari, iliamuru utambulisho wa baadhi ya wahariri utolewe. Madhara hayahitaji hata kufika hapo: utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Drexel uliochapishwa mwaka 2017, uliowahoji watumiaji wa mtandao wa Tor, unaoficha anwani zao, na wahariri wa Wikipedia, ulionyesha kwamba wenye hofu huziacha kimya kimya mada nyeti, na kwa hiyo hasara ya kwanza humwangukia msomaji, ambaye hatajua ni nini hakikuandikwa.

Kwa Wabajuni, hata hivyo, suala la sauti na lahaja lina uzito usiopatikana kwingine, na chanzo chake ni vyumba vya mahakama vya Uingereza. Waombaji hifadhi waliodai kuwa Wabajuni wa Somalia walipimwa kwa maarifa yao ya visiwa na kwa lugha yao; uamuzi wa mwongozo wa mwaka 2004, unaojulikana kwa herufi KS, ulihusu uwezo wa kusema Kibajuni, na ule wa mwaka 2010, RB, ulihusu ripoti za kampuni ya Kiswidi ya Sprakab, ambayo wachambuzi wake walisikiliza rekodi ya mwombaji na kutoa maoni kuhusu asili ya usemi wake. Katika mashauri ya ripoti hizo mwombaji alitajwa kwa herufi tu, na mchambuzi kwa alama ya siri. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la MN na KY, haikusema kwamba kuficha jina la mchambuzi ni mwiko, lakini ilisisitiza kwamba uzito wa maoni yake utokane na utaalamu unaoweza kuonyeshwa na kupimwa, na kwamba mjuzi wa lugha asivuke mpaka na kuwa mjuzi wa kila jambo la nchi.

Funzo la kwanza kwa miradi huria ni kwamba kila orodha ya maneno, kila ramani ya kisiwa na kila rekodi ya dakika mbili inaweza kuwa kielelezo, ikasomwa na wakili, afisa, mchambuzi na mwombaji kwa pamoja, kila mmoja kwa haja yake. Hilo si sababu ya kuacha kuandika. Kwa kweli taarifa haba na zilizopitwa na wakati ndizo zilizowaumiza waombaji wa kweli, ambao waliulizwa maswali yenye majibu ya zamani. Ni sababu ya kuandika kwa usahihi, kutaja mwaka na kisiwa, na kukubali kwamba Mbajuni aliyekulia Mombasa baada ya 1991 husema tofauti na bibi yake. Funzo la pili ni kwamba jina kufichwa na dai kuhakikiwa ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Mradi unaweza kumhifadhi msimulizi kwa alama, ukataja umri wake kwa muongo, kisiwa alichokulia na miaka aliyoishi huko, kisha ukatafuta wasimulizi wengine wa kulinganisha. Msomaji atapata cha kupima, na msimulizi atalala salama. Panapokuwa na msimulizi mmoja tu kutoka kijiji kidogo, hata alama hiyo haimfichi, na hapo inafaa kutaja eneo pana zaidi, kwa mfano visiwa vya kusini, kuliko kijiji.

Maelezo ya kuzaliwa yanahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Nchini Kenya wakazi wa maeneo ya mpakani, wakiwemo Wabajuni wa Lamu, kwa miaka mingi walipitia uhakiki wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali Uingereza ndugu zao walitakiwa kuthibitisha kwamba hawatoki Kenya. Sentensi isiyo na hila katika ukurasa wa mtumiaji, inayosema fulani amezaliwa Chula na kukulia Kizingitini huko Lamu, huweza kuulizwa maswali mawili yanayokinzana katika nchi mbili, na aliyeiandika kwa kujivunia kwao hakutarajia lolote kati ya hayo.

Ridhaa ya anayerekodiwa ipatikane kwa Kibajuni na kwa maelezo yanayosikika, wala isiwe saini chini ya karatasi ambayo haikusomwa. Neno gumu zaidi kulieleza ni kutorudi nyuma: sauti iliyotolewa Common Voice hutolewa kwa leseni inayoachilia haki zote, na ingawa wanaoipakua hukatazwa kumtafuta msemaji, nakala iliyokwisha kusambaa hairudishwi na ombi la kufutwa. Mzee aambiwe waziwazi kwamba sauti yake inaweza kusikika na watu asiowajua, ikafundishia mashine, na ikabaki baada yake. Kisha aachwe siku kadhaa afikiri na kushauriana na watoto wake, ambao ndio watakaoulizwa majirani wakiitambua sauti.

Upande wa jumuiya unaanzia pale ambapo wengi hawaangalii, yaani kwenye kikundi cha WhatsApp. Wachangiaji wanaojificha vizuri ndani ya Wikipedia huingizwa katika kikundi ambamo kila mwanachama huona namba ya simu ya mwenzake, na namba hiyo huwa ni ile ile ya kutumiana pesa na ya kusajiliwa. Programu ya Signal tangu mwaka 2024 huruhusu watu kuwasiliana kwa jina bila kuonyesha namba, na kikundi kinachoshughulikia mada nyeti kingefaa kuhamia huko. Kuna pia desturi ya warsha, iliyokita mizizi Afrika Mashariki nzima, ya kuzungusha karatasi ya mahudhurio yenye majina matatu na namba za simu ili nauli irudishwe, na kumalizia kwa picha ya pamoja inayopakiwa jioni hiyo hiyo pamoja na jina la hoteli. Mfadhili anahitaji hesabu, hahitaji nyuso. Karatasi ya malipo ishikwe na mtu mmoja, na picha ipigwe ya wale tu waliosema waziwazi kwamba hawajali.

Ugomvi utakuwepo, na mara nyingi utaanzia kwenye majina: kama mji uandikwe Kismayo, Kisimayu au Kismaayo, kama watu fulani waitwe wenyeji au wahamiaji, kama kisiwa kina jina moja au mawili. Kanuni inayofaa ni kwamba dai hujadiliwa kwa vyanzo vyake na ukoo wa aliyelitoa hauulizwi kamwe; anayeuliza “wewe ni wa nani?” katika ukurasa wa majadiliano ameshaanza kuanika, hata kama kwa desturi ya pwani swali hilo ni la kawaida na hata la upendo. Kuanika ni kutoa taarifa binafsi za mwenzako bila ridhaa yake, na Kanuni ya Maadili ya Jumla ya Wikimedia, iliyotangazwa mwaka 2021, inakataza jambo hilo ndani ya miradi na nje yake pia. Mamlaka nayo yasikae kwa mtu mmoja wala kwa marafiki watatu. Wikipedia ya Kikroatia ilitawaliwa kwa karibu muongo mzima na kikundi kidogo cha wasimamizi waliowafukuza waliowapinga, mpaka ripoti ya mwaka 2021 ilipoyaweka hayo bayana. Na mradi mdogo wa lahaja, ambamo wenye ujuzi wa kusimamia huhesabika kwa vidole, uko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko mradi mkubwa.

Mtu akianikwa, kosa la kawaida la wenzake wema ni kulalamika hadharani, wakirudia jina wanalotaka lifichwe na kuwaelekeza wasomaji mahali lilipo. Afadhali ukurasa huo upigwe picha ya skrini kwa ushahidi, iandikwe barua ya faragha kwa wenye uwezo wa kuficha toleo husika katika historia, ambao kwa miradi midogo ni wasimamizi wa miradi yote ya Wikimedia, na ukurasa uachwe bila maoni mpaka kazi hiyo iishe. Panapokuwa na tishio la kudhuriwa mwili, timu ya usalama ya Shirika la Wikimedia ina njia ya dharura, lakini haina askari Kismayo. Simu kwa jamaa na mahali pa kulala usiku huo huja kwanza. Sheria zipo, ya Kenya ya mwaka 2019, ya Tanzania ya mwaka 2022 na ya Somalia ya mwaka 2023, kila moja ikiwa na chombo chake cha ulinzi wa taarifa binafsi, na malalamiko yanaweza kupelekwa huko, ingawa kwa kasi ya intaneti sheria hufika imechelewa.

Anayetaka kuondoka kabisa anaweza kuomba jina la akaunti yake libadilishwe na kuwa lisilo na maana. Michango yake itabaki chini ya leseni, na historia itaonyesha jina jipya badala ya lile la zamani. Kwa rekodi za sauti kikundi kiamue mapema, kabla mzee wa kwanza hajaombwa kusimulia, kwamba nakala asilia zitawekwa sehemu mbili, moja pwani na nyingine ughaibuni, kwa watu wawili wanaojuana na wasio wa nyumba moja, na kwamba orodha inayounganisha alama za wasimulizi na majina yao itakaa mbali na rekodi zenyewe, imefungwa kwa nywila, na kufutwa ifikapo tarehe ambayo wasimulizi wenyewe wameitaja.